Dakika Mbili Kuhusu Damu

Jumapili, 2 Machi

Video ya damu imevuka laki tatu! Nimeangalia mara nne nikidhani simu imechanganyikiwa. Mimi, mtunza maabara wa sekondari, mwosha chupa za watu — laki tatu!

Ile ya kitunguu, kwa nini kinaliza, niliyoipenda kama kitinda mimba, imekwama elfu nne. Ya zipu, kazi ya wiki nzima, nikakata na suruali yangu nzuri — elfu mbili tu. Ya shingo ya twiga ilifika elfu kumi na moja, na nusu yao walikuja kubishana. Halafu hii! Glasi nne za maji ya rangi juu ya meza ya jikoni, koti la maabara juu ya gauni la kulalia. Hakuna aliyeliona gauni.

Nafikiri ni ile sehemu ya mwisho. Nimeinua glasi ya maji matupu: "Huyu ni mzazi wa kundi O. Hana A, hana B. Atampa nini mtoto? Mzazi wa O hazai mtoto wa AB. Haiwezekani." Fundi Picha akabandika kengele hapo. (Fundi Picha hupiga harusi. Video zangu ananihariria kwa kupenda, anasema harusi zote zinafanana.) Watu wanaikariri hiyo sehemu mpaka na kengele yake.

Kaka amepiga simu asubuhi, kicheko tu. Kwenye jengo anakotengeneza lifti, mlinzi amemwonyesha video bila kujua kwamba anayesema ni mdogo wake. "Profesa, umeniponza, sasa kila mtu ananiuliza kundi langu." Na anavyopenda kuulizwa! Ana kadi ya kuchangia damu, ameitembeza kwenye pochi mpaka kona zimelika. AB. Anaitamka kama cheo.

Mama analazwa keshokutwa. Mawe kwenye nyongo, operesheni wiki mbili zijazo wakimaliza vipimo. Anasema haogopi. Amefua mapazia yote ya nyumba.

Jumatano, 5 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Tulikuwa Mama, kaka, wifi, mimi na Bi Swali. Bi Swali ni binti wa kaka, ana miaka kumi na mbili. Jina hilo nilimpa mimi na limemganda. Haendi popote bila daftari. Kila video yangu anaiandikia maswali matatu, ananiletea, na mara nyingi la tatu linanishinda. Alikuwa mtazamaji wangu kabla sijawa na watazamaji.

Muuguzi akasema ndugu tujitokeze kuchangia damu, akiba yao imepungua. Kaka alichomoa kadi kabla hajamaliza kusema. Bi Swali alikuwa miguuni pa kitanda anasoma lile faili linaloning'inia. Nilimwona. Sikumkataza. Nilifurahi, Mungu nisamehe! Nilijisemea: mtazame anavyosoma.

"Shangazi, Bibi ni O."

Nikamwambia vizuri, umejua kuisoma.

"Na baba ni AB."

Nikaanza kusema ndiyo. Nikaishia kwenye "ndi".

"Si ulisema haiwezekani?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema siku zote, kalamu tayari, anangoja jibu aandike.

Kaka ndiye aliyecheka kwanza. "Basi mimi niliokotwa sokoni! Ndiyo maana sifanani na mtu humu ndani!" Wifi akacheka. Muuguzi akacheka. Mimi nikacheka na meno tu. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini polepole sana, akageukia dirishani, akasema amechoka, tumwache alale. Saa nane mchana!

Kaka akamtazama mgongo. Halafu akanitazama mimi. Kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni, lakini machoni kilishaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Labda faili limekosewa. Labda kadi. Nimeing'ang'ania hiyo "labda" tangu asubuhi. Nimevunja chupa mbili kazini. Mwalimu wa kemia ameniuliza kama naumwa.

Mpimaji wa damu wa pale hospitali nilisoma naye. Nimempigia. Amenigombeza kidogo, kwamba si utaratibu, halafu akanong'ona. Mama wamempima mara mbili kwa sababu ya operesheni. O. Kaka amekwenda kuchangia leo asubuhi, wakampima upya. AB.

Akaniambia video yangu ameipenda sana. Kisha akakata simu ghafla. Nikajua naye ameshajumlisha.

Jumamosi, 8 Machi

Mama ameniita peke yangu. Wifi alikuwepo, Mama akamtuma maji ya kunywa. Maji yalikuwepo, chupa mbili.

"Kifute kile kitu chako."

Nikajidai sielewi kitu gani.

"Wewe nimekuzaa. Uso wako naujua kabla hujaukunja."

Basi akanieleza. Nayaandika kama alivyoyasema, nisije nikaanza kuyapamba.

Miaka minne ya ndoa alikuwa hajashika mimba. Baba, marehemu, alikuwa dereva wa malori ya masafa, anaondoka mwezi anarudi siku tatu. Siku moja mvua inanyesha, akaingia hajavua viatu, na kitu ndani ya koti la mvua. Mtoto wa siku tisa. Aliyemzaa alifariki katika uzazi. Baba hakusema zaidi ya hapo. Alisimama mlangoni anachuruzika maji, anangoja hukumu.

Nikamwuliza Mama: ukamwuliza huyo mwanamke ni nani?

"Nilimwuliza mtoto amekula saa ngapi."

Basi! Hilo tu! Miaka arobaini na minne. Hakuuliza jina, hakuuliza mji, hakuuliza ilianza lini. Kabla mwezi haujaisha walihamia mtaa mwingine, wakafika huko mke, mume na mtoto. Baada ya miaka mitano nikaja mimi. Majirani wakasema kaka ndiye aliyenifungulia njia. Mama anasema walisema kweli, ingawa hawakujua wanalosema.

Nikamwambia kaka ana haki ya kujua. Nikalisema kwa ile sauti yangu ya kwenye video. Nilijisikia mwenyewe. Mama akanitazama muda mrefu.

"Wewe unafundisha watu kuuliza. Sawa, kazi nzuri. Mimi mtoto wangu nimemlea kwa kutouliza. Ningeuliza, ningemchukia. Ungekuwa na kaka wewe?"

Anataka aingie chumba cha operesheni moyo wake umetulia. Anataka niseme nilikosea. Si kufuta tu, kufuta watu watashangaa. Niseme nilikosea. "Kwenye hizo simu zenu si mnakosea kila siku?"

Nimemwambia nitaangalia. Wifi akarudi na maji.

Jumapili, 9 Machi

"Haiwezekani." Neno langu mwenyewe. Ningesema "kwa kawaida" ingenigharimu nini? Sekunde moja! Lakini kwa kawaida haina kengele.

Jumanne, 11 Machi

Kwenye vitabu upo upenyo. Niliujua tangu mwanzo, niliuacha kwa sababu dakika mbili hazitoshi. Wapo watu ambao A na B zao zimeshikana, mzazi mmoja anazitoa zote kwa pamoja. Wapo wengine ambao kipimo kinasema O, kumbe A au B imejificha tu. Ni kweli tupu. Ila ni watu wa kutafuta kwa tochi. Unaweza kupima maelfu na maelfu usimpate hata mmoja.

Nimeandika maneno ya video mpya. "Nilisema haiwezekani. Nilikosea." Kila sentensi ni ya kweli. Nimezikagua moja moja kama ninavyokagua chupa kwenye mwanga. Ukizikusanya pamoja ni uongo, na umeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja.

Nimerekodi mara tisa. Fundi Picha akaja baada ya kazi, akavaa spika za masikioni, akarudisha, akasikiliza, akarudisha tena.

"Mbona unaomba?"

Naomba nini?

"Sijui. Siku zote unaeleza. Leo unaomba."

Nikamwambia akate tu, aache falsafa. Amekata. Kengele hakuweka, wala sikumwambia aweke.

Jumatano, 12 Machi

Nimeirusha saa nne, nikiwa kwenye stoo ya kemikali, mlango nimeubana kwa mguu. Mpaka saa kumi — elfu sitini. Wananipongeza! Mmoja ameandika laiti walimu wote wangekiri makosa kama mimi. Moyo, moyo, makofi, moyo.

Halafu mmoja, hana hata picha: "Dada, wiki mbili hatusemeshani na mke wangu kwa ajili ya video yako ya kwanza. Leo nimemwomba radhi. Mungu akubariki."

Nimekaa juu ya ndoo. Huyu ni nani? Yuko wapi? Mkewe ana watoto wangapi wa kutazamwa usoni wiki mbili? Sijui hata makundi yao ni yapi, labda alihesabu vibaya, labda hakuhesabu vibaya. Sijui nimemponya au nimemdanganya. Na wako wangapi wasioandika? Laki tatu! Nilikuwa nawahesabu kama mtu anayehesabu makofi. Sikuwahi kufikiri kwamba kila mmoja ana meza yake nyumbani, na watu wamekaa pale wanakula.

Sijamjibu. Nimeanza mara tatu.

Mchana nilimpelekea Mama simu, nikamchezea pale kitandani. Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. Akanishika mkono. "Umesema vizuri." Nilitamani kuuchomoa mkono.

Kaka hajapiga. Kila nikirusha video huwa wa kwanza kupiga, anitanie.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi alinipigia nikiwa kazini. "Wifi, kuna nini mnanificha? Mume wangu akirudi anakaa kwenye gari nje, injini amezima, robo saa nzima. Nikimwuliza, uchovu. Na mwanao huyu hataki hata kuliona daftari lake."

Nikaenda. Bi Swali alikuwa anaosha vyombo. Peke yake, bila kuambiwa! Hapo tu nikajua hali ni mbaya. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta sahani. Nikamwuliza video mpya ameiona. Ameiona. Maswali yako wapi? Hana. Hata moja? Hana.

Nikafuta sahani nne.

"Shangazi, ni wangapi?"

Wangapi nini?

"Hao watu wa nadra. Wewe siku zote unataja namba. Meno ya konokono ulitaja. Nywele za kichwa ulitaja. Hii hukutaja."

Mtu mzima hata mmoja hakuligundua hilo. Komenti elfu moja na mia tatu, hakuna aliyegundua. Ameligundua yeye, mikono ndani ya povu.

Kisha akasema, hata hakunitazama: "Au nisiulize?"

Nilipaswa kumwambia uliza. Nilipaswa! Miaka mitatu nasema neno hilo mbele ya kamera, nimelichapisha mpaka kwenye kikombe. Nikamwambia tumalize sahani kwanza.

Akasema haya. Haya! Mtoto huyu sijawahi kumsikia akisema haya.

Tulipomaliza alikwenda chumbani akafunga mlango. Wifi akanitazama, akangoja. Naye pia sikumwambia kitu. Nimerudi kwangu kwa miguu, mwendo wa saa nzima, ili nisifike.

Jumapili, 16 Machi

Nilifika wodini nikasimama mlangoni. Kaka alikuwa ameshafika. Amekaa kitandani, mguu wa Mama juu ya paja lake, anamkata kucha. Mikono ile ya grisi! Kidole kwa kidole, ananyanyua, anatazama kwenye mwanga, anakata. Mama alikuwa anamtazama utosini. Sijawahi kuona mtu akitazamwa vile.

Sikuingia. Nimekaa kwenye ngazi mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Nimeitazama tena video ya pili. Nimeichukia. Nimeitazama na ya kwanza. Nimeichukia hiyo pia, na ndiyo iliyokuwa kweli — karibu kweli. Fundi Picha ameandika kuuliza wiki hii tunafanya nini. Tulipanga kwa nini barafu inaelea. Nimemjibu sijui. Kweli sijui. Barafu ielee tu.

Jumatatu, 17 Machi

Benchi, nje ya chumba cha operesheni. Nimekuja na daftari hili ili mikono iwe na kazi.

Mama ameingia saa tatu kasorobo. Kabla hawajamsukuma alimvuta kaka sikio. "Usije ukanisahau humu." Kaka akasema nikusahau niende wapi. Wote wawili wakacheka. Mimi nilikuwa nashika begi la nguo.

Wifi amempeleka Bi Swali shule, atakuja baadaye. Tumebaki wawili.

Saa nne. Hakuna habari.

Saa nne na nusu. Kaka ametoa simu, ameweka spika sikioni. Nimeona kioo kwa pembe ya jicho. Mimi, koti jeupe. Ile ya pili. Ameitazama mpaka mwisho, akairudia. Kisha akaukunja waya wa spika vizuri, kama wanavyokunja nyaya kazini kwao, akautia mfukoni.

Niandike haraka kabla sijayasahau maneno yake.

"Profesa. Lifti ikikwama kati ya ghorofa mbili, abiria wanabonyeza vitufe vyote. Kila kimoja, na kengele, na simu ya dharura. Hakuna anayesimama tu akafikiri. Wewe hii video yako ni hivyo. Umebonyeza vyote."

Nikamwambia kaka —

"Ngoja. Sikuulizi kitu. Siku ile kitandani sikumtazama mtoto, nilikutazama wewe. Ulikuwa unasema ndiyo, ukaishia njiani. Wewe hujawahi kuishia njiani tangu ulipojua kusema." Alikuwa anatazama sakafu. "Kitu kimoja tu. Mama anajua kwamba mimi nimeshajua?"

Nikaanza kufunga na kufungua zipu ya begi la nguo.

"Basi usijibu. Mimi simwulizi. Akitoka salama simwulizi, na asipo..." Hakumaliza. Akajifuta uso kwa kiganja, mara moja, juu mpaka chini. "Ila wewe usinitengenezee video tena. Laki ngapi za watu ili uniambie mimi kitu? Nina nyumba, unaijua. Ungekuja ukakaa ukaniambia."

Nikasema nisamehe. Nimesema mara mbili. Sijui ya kwanza kama aliisikia, kulikuwa na kitanda kinapita, magurudumu yanalia.

Hajasema amenisamehe. Hajaondoka pia. Bega lake linagusa bega langu, benchi ni fupi.

Saa tano na dakika kumi. Walisema itachukua saa moja na nusu, mbili zikizidi. Zimezidi.

Mlango umefunguka. Muuguzi mwingine, simjui, barakoa bado iko usoni, siwezi kumsoma. Ana karatasi kwenye ubao. Anasema kwa haraka: wamekuta mambo yameshikana ndani, daktari anataka kufungua tumbo zaidi, inahitajika saini ya ndugu wa karibu, sasa hivi.

"Mtoto wa mgonjwa ni nani?"

Kaka ameinuka nusu. Ameganda hapo hapo, magoti hayajanyooka, mkono bado umeshika benchi. Ananitazama mimi.

Muuguzi anauliza tena.

Sijainuka. Siinuki. Nimemwambia kaka, nenda, anakuita wewe. Anapapasa mifukoni, shati, suruali. Hana kalamu. Iliyopo ni hii ninayoandikia, nampa